Sheria moja, majibu mawili

Mei 24, 2019, Mahakama Kuu Nairobi ilisema sheria ya kufunga watu hadi miaka 14 kwa mapenzi ya jinsia moja ibaki. Juni 11, hata wiki tatu hazijaisha, Mahakama Kuu ya Botswana ikatupa ya kwao. Zote mbili ziliachwa na mkoloni, na yeye kwake alianza kuitoa 1967. So ukiniambia ushoga uliletwa na mzungu, nakuuliza: na hii sheria?

Sisemi sheria inamaliza chuki. Afrika Kusini wanaoana tangu 2006 na bado wengine wanauawa mtaani. Lakini huko ukipigwa, unaripoti. Hapa msee anapigwa, ananyamaza, juu akienda polisi anaweza kugeuzwa mshukiwa.