Tusitupe kompyuta za mezani kabla ya kuzifungua

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida kwa programu yake ya Windows 10. Wanaojiandikisha walipewa nyongeza ya mwaka mmoja tu ya kinga za usalama. Windows 11 inayochukua nafasi yake inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa mpya kiasi. Kwa zile za Intel ni kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache. Kwa uamuzi huo, mamilioni ya kompyuta zisizo na ubovu wowote zimeonekana kuwa zimepitwa na wakati.

Hapa Johannesburg jamaa zetu wengi wanauliza swali moja: je, tununue mpya, na hii ya zamani tuipeleke nyumbani? Jibu letu ni kwamba tuifungue kwanza. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Sisi wenyewe tuna kompyuta ya mezani tuliyoinunua ikiwa imeshatumika, yenye RAM ya gigabaiti 4 na diski ya zamani ya kuzunguka. Ukiiwasha, chai ilichemka kabla haijawa tayari. Tulinakili kwanza picha na nyaraka zetu, kisha tukabadilisha vitu vitatu.

Cha kwanza ni diski. Tuliweka SSD ambayo haina sahani ya kuzunguka wala sindano ya kuisoma, na waya zake ni zile zile za SATA. Badiliko hilo peke yake lilifufua mashine yote. Mwenye fedha ya kifaa kimoja tu na aanzie hapo.

Cha pili ni RAM, na hapa tulipotea. Tulinunua ya DDR4 bila kuangalia kwamba madabodi yetu ni ya DDR3. Hazifanani: pengo lake liko mahali tofauti, na haiingii hata ukiisukuma. Ni vyema kusoma maandishi ya kwenye RAM ya zamani kabla ya kwenda dukani, hasa wakati huu. Tangu mwishoni mwa 2025 bei zimepanda sana, kwa kuwa viwanda vinapeleka chipu zao kwenye vituo vya akili bandia. Desemba mwaka huo kampuni ya Micron ilitangaza kuacha biashara yake ya Crucial, iliyokuwa ikiuza kumbukumbu kwa watu wa kawaida. Maana yake ni kwamba RAM iliyomo ndani ya kompyuta kuukuu nayo ni mali.

Cha tatu ni pawa saplai. Wakazi wa mji huu hawajasahau mwaka 2023, ambapo mgao wa umeme ulifanyika kwa zaidi ya siku 300. Umeme unaporudi kwa kishindo, kifaa hiki ndicho hupokea pigo la kwanza. Tena kuna radi za alasiri wakati wa kiangazi cha huku, zinazotaka tuchomoe waya ukutani, kwani kuzima tu hakutoshi. Na majira ya baridi hewa ni kavu mno kiasi kwamba mkono unaweza kuunguza chipu kwa cheche usiyoiona. Gusa bati la kasha kabla ya kugusa kifaa cha ndani.

Prosesa hatukuigusa. Kizazi cha 8 cha Intel hakikubali madabodi za kabla yake, na kubadilisha vyote viwili ni karibu sawa na kununua mpya. Badala yake tuliweka Ubuntu, programu ya bure iliyoanza mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Welkom hapa Afrika Kusini. Haidai TPM, na kazi za barua, shule na intaneti inazimudu.

Sasa turudi kwenye suala la nyumbani. Tangu Agosti 2021 sheria ya Afrika Kusini imekataza taka za vifaa vya umeme kufukiwa majalalani. Hata hivyo, mashine mbovu ikipakiwa kupitia Beitbridge na Chirundu hadi Tunduma, tunaiita zawadi. Mpokeaji analipia usafiri, kisha anamlipa fundi, na mwishowe anabaki na bati chumbani. Hiyo si zawadi, ni taka tuliyoihamisha.

Tunachopendekeza ni kitu chepesi. Tutengeneze kabla ya kutuma, au tutume SSD na RAM iliyopimwa, vinavyoingia mfukoni, kwa jamaa ambaye tayari anayo mashine yake. Kabla ya hapo tumuulize kwa simu kilichoandikwa kwenye madabodi yake. Swali hilo la dakika tano litaokoa fedha zake na zetu.