Kuinua kamio bila kutengeneza direksio ni kuinua hatari

Mwezi wa tisa ukifika na mvua ikianza kunyesha kila siku, garaji za Butembo zinajaa. Wenye kamio wanaleta gari zao ziinuliwe, ili zipite ndani ya matope ya njia ya Manguredjipa. Hapa Bulengera, sawa na kwa majirani zetu wa Kimemi, Mususa na Vulamba, kila mtu anajua sauti ya nyundo juu ya lame. Kazi hiyo hatuipingi. Sisi wachimbaji na familia zetu ndio wa kwanza kuihitaji. Kamio isipopita, kule kwenye machimbo hakuna mchele, hakuna chumvi, hakuna mafuta ya mashine za kutoa maji ndani ya mashimo, na bei ya kila kitu inapanda.

Lakini tunasema wazi: kamio mingi zinainuliwa nusu. Kimo kinaongezwa, direksio inaachwa vile ilivyokuwa. Na juu ya mizigo ya zile kamio ndipo sisi tunapanda, pamoja na wamama na watoto.

Mtu anayepanda iko na haki ya kujua kitu gani kinamshikilia. Kwa hiyo tuseme mambo kama yalivyo.

Kamio zinazofanya ile njia, karibu kilomita 100 kutoka Butembo, ni za zamani. Kuna Mercedes zinazozidi umri wa mashofa wao. Kuna Fuso zilizomaliza kazi yao ya kwanza juu ya lami, kule Japani, kiisha zikaletwa huku. Japani wanatembea upande wa kushoto, usukani uko kuume. Sisi tunatembea kuume. Zingine zimehamishiwa usukani huku kwetu, kwa mikono ya wamekanika. Direksio ya namna hiyo inafika garaji ikiwa tayari imechoka, ao iko na kiungo kimoja kilichochomelewa.

Kisha gari inainuliwa. Njia ni tatu. Ya kwanza ni kuongeza lame: gari inapanda, lakini inakuwa ngumu, na kila shimo linapiga moja kwa moja kwenye viungo. Ya pili ni kutia kala, kipande cha chuma kati ya ekseli na lame. Nyuma inaweza kukubalika kama ni kipande kimoja kizima, kimeshikwa vizuri. Mbele, kwenye magurudumu yanayogeuka, ni hatari: shofa akikanyaga freni kwa nguvu, ekseli inataka kujizungusha na kala inaweza kuruka. Ya tatu ni kurefusha jumele, vile vyuma vinavyoning'iniza lame kwenye shasi. Ile inabadilisha mwinamo wa pivo, na usukani unaweza kuwa mzito, ao kukataa kurudi katikati wenyewe. Dawa yake inajulikana: kipande cha chuma chenye umbo la kabari kati ya lame na ekseli, kurudisha mwinamo wa zamani.

Shida kubwa iko kwenye bare ya direksio, kile chuma kirefu kinachotoka kwenye bokisi ya usukani kwenda kusukuma gurudumu. Gari ikiwa kwenye kimo chake cha kwanza, ile bare inalala karibu sawa na lame. Ukiinua shasi, inabaki imeinama. Sasa gurudumu likiingia ndani ya shimo, ekseli inapanda na kushuka, na bare inavuta ao inasukuma. Magurudumu yanageuka hata kama shofa ameshika usukani bila kuusogeza. Kwenye mtelemko wenye matope, na bonde upande mmoja, hiyo inatosha kuua watu. Ongeza kwamba rotile zinafanya kazi zikiwa zimepinda na zinaisha mbio, kwamba pine kubwa na nzito zinachosha bokisi, na kwamba gari ndefu yenye mizigo na watu juu inaanguka kwa urahisi zaidi.

Makanika mwenye kujua anatia mkono wa direksio ulioshuka zaidi, ili bare ilale tena. Anabadilisha rotile. Anatia amortisere ndefu, na mipira ya freni mirefu, kwa sababu ule wa zamani utavutwa mpaka upasuke. Bridi zinazofunga lame anatia mpya, hazirudishi za zamani, na anazikaza tena kiisha safari ya kwanza yenye mizigo. Jambo moja hafanyi: kuchomelea mkono wa direksio uliopasuka. Chuma kile kilipikwa kiwandani ili kiwe na nguvu yake. Moto wa garaji unaiharibu, hata kama kwa macho kinaonekana kizuri.

Wenye kamio wanatuambia: njia ni mbaya, makuta yanaishia kwenye barriere, direksio tutaitengeneza namna gani? Kwa upande wa njia wako na haki. Kutengeneza njia ni kazi ya Serikali, na ndani ya kila lita ya mafuta tunalipa kwa ajili ya FONER, iliyowekwa kwa sheria ya 2008. Madai hayo hatuyaachi. Lakini makuta ya kuinua gari yalipatikana. Mwenye kuinua ili apakie zaidi, na apite pale wengine wamekwama, anapata faida ya kile kimo. Rotile na bare ni sehemu ya bei ya kuinua, haziwezi kubaki deni ambalo abiria atalipa kwa mifupa yake.

Wengine wanamtupia lawama shofa. Shofa si mwenye gari. Analipwa kwa safari, na akikataa kuondoka, kesho mwingine amekaa kwenye nafasi yake. Shofa anayesema « direksio hii siondoki nayo » anatetea maisha yetu. Tutasimama naye.

Kuna tena jambo la usalama, na wote wanalijua. Katika 2024 ADF waliua watu wengi ndani ya sekta ya Bapere, pande za Manguredjipa. Rotile ikikatika ndani ya pori saa kumi na moja ya jioni, hatari iko mara mbili.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne.

Kwanza, koperative za wachimbaji. Tangu Kode ya Mine ilibadilishwa katika 2018, mchimbaji anatakiwa kuwa ndani ya koperative iliyokubaliwa. Basi koperative ifanye kazi hii pia: isikodi kamio ambayo direksio haijaangaliwa na makanika asiyekuwa wa mwenye gari. Iandikwe ndani ya mkataba. Na wale ma-PDG na manegosia wanaotuma mizigo wadai vilevile.

Pili, wenye kamio. Wakubaliane kutoa kiasi kidogo kwa kila safari, kiwekwe pembeni kwa direksio na freni peke yake, na shofa ajue kiasi kilichoko.

Tatu, wakubwa wa mji na wa polisi ya barabarani. Kwenye barriere wanaangalia karatasi na wanahesabu mizigo. Tunaomba mtu mmoja mwenye kujua kazi ainame chini ya gari.

Nne, sisi wenyewe. Mbele ya kupanda, tuombe shofa ageuze usukani kidogo kushoto na kuume huku makanika ameinama akiangalia. Kiungo kinachocheza huku gurudumu halijasogea, kimeisha. Gurudumu la mbele liinuliwe na kriki, lishikwe juu na chini, litikiswe: likicheza, kuna kitu kimelegea, pivo ao bilia, na gari haiondoki mpaka kimeonekana. Ni dakika kumi. Kama mwenye gari anakataa zile dakika kumi, tushuke wote pamoja. Mtu mmoja akishuka, kamio inaondoka bila yeye. Arobaini wakishuka, direksio itatengenezwa siku ileile.

Mvua haitungoji. Koperative zianze juma hili, na kamio ya kwanza itakayokubali kuangaliwa, sisi wa sendika tutakuwa pale kuipakia.