Tiba ya mwendo wa macho na mwanamke asiyetaka kusimulia

Wauguzi wa zahanati na vituo vya afya vya Kibaha na Kisarawe wanamfahamu vyema mgonjwa huyu, ingawa katika daftari la wagonjwa wa nje maradhi yake huandikwa kwa majina mengine. Hulalamikia kichwa kisichopona, moyo kwenda mbio, usingizi wa kukatika na kushtuka kila mlango unapobamizwa. Hupimwa malaria, hupimwa presha, hupewa dawa za maumivu, na mwezi haupiti hurudi. Akiulizwa kama kuna jambo lililomsibu, hutazama chini na kujibu kuwa hakuna. Huenda alipigwa na mume kwa miaka. Huenda alibakwa akiwa binti, au alimzika mtoto aliyefia tumboni, au alitolewa hai katika basi lililopinduka barabara ya Morogoro, akafikishwa Tumbi bila nduguye aliyekaa naye kiti kimoja. Wapo pia wanaoukumbuka usiku wa tarehe 16 Februari 2011, maghala ya mabomu ya jeshi yalipolipuka Gongo la Mboto, kwenye njia iendayo Kisarawe, watu wakakimbia gizani na watoto wakapotezana na wazazi wao.

Wanawake hawa si wachache. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2005 ulionesha kuwa jijini Dar es Salaam, jirani wa mlango mmoja na wilaya hizi mbili, asilimia 41 ya wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenzi walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi huyo. Mkoani Mbeya ilikuwa asilimia 56. Si kila aliyetendewa ukatili hupata maradhi ya kiwewe, kwani wengi hupona kwa msaada wa ndugu, kazi na wakati. Lakini anayeyapata huishi na jambo la zamani kana kwamba linatendeka sasa, na panadoli haina la kufanya hapo.

Mwaka 2013 Shirika hilo hilo lilitoa mwongozo uliotaja tiba za mazungumzo zinazofaa kwa maradhi hayo, na mojawapo ni tiba ya mwendo wa macho, iliyoanzishwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, ambaye alichapisha utafiti wake wa kwanza mwaka 1989. Mgonjwa huombwa kushika akilini taswira moja ya tukio, pamoja na wazo baya analojihukumu nalo, mathalani “kosa lilikuwa langu”, na mahali mwilini panapoumia. Kisha hufuata kwa macho vidole vya mtabibu vinavyokwenda kushoto na kulia, kwa muda wa nusu dakika hivi. Hupumzika, akataja kwa ufupi kilichomjia, na zoezi likarudiwa. Kila mara hutaja ukali wa maumivu yake kuanzia 0 hadi 10, hadi namba ishuke. Kumbukumbu haifutiki, hupungua makali yake, ikakaa mahali pake miongoni mwa mambo yaliyopita.

Wataalamu wenyewe wamebishana sana kuhusu macho hayo. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2001 uliona kuwa mwendo wa macho hauongezi kitu, na mwingine wa mwaka 2013 ukaona kuwa unaongeza. Mabishano hayo yana haki ya kuendelea vyuoni. Kwa muuguzi wa Kisarawe jambo zito zaidi ni jingine: tiba hii haimlazimishi mgonjwa kusimulia tukio kwa kina, wala haimpi kazi ya kuandika nyumbani.

Thamani ya jambo hilo huonekana mtu akikumbuka jinsi wanawake wa Pwani walivyolelewa. Mwali hufundwa kuwa mambo ya ndani hayatoki nje, na siri ya mtungi huulizwa kata. Katika kijiji ambamo mhudumu wa zahanati ni wifi ya mtu au shoga ya mama mkwe, kusimulia ni kujianika. Aliyebakwa huwa amekwisha kusimulia mara nyingi bila kuponywa: kwa askari ili apate fomu ya PF3, kwa daktari, pengine mahakamani. (Wazee waliopunga pepo walilijua hili kwa njia yao, hawakumtaka mgonjwa aeleze kila kitu ndipo ngoma ipigwe.) Kumwambia tena mwanamke huyo kuwa hatapona mpaka aseme yote ni kumfungia mlango.

Hata hivyo, tiba isiyodai maneno mengi hudai mambo mengine, na hapo ndipo wasiwasi ulipo. Hudai chumba kinachofungwa na muda wa saa moja hadi saa moja na nusu kwa kikao, kwa vikao kadhaa, mahali ambapo foleni ya kliniki ya mama na mtoto imefika barazani. Hudai pia mtabibu aliyefunzwa na anayeendelea kusimamiwa na mjuzi zaidi. Kuinua vidole ni rahisi, na urahisi huo ni hatari: mwenye semina ya siku mbili aweza kuifungua kumbukumbu asijue kuituliza, mgonjwa akaondoka amepotewa na fahamu za mahali alipo. Mtabibu wa kweli hutanguliza kumfundisha mgonjwa kujituliza, na huuliza kwanza kama anayempiga bado analala naye chumba kimoja. Ikiwa ndivyo, kinachotangulia ni usalama: Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, afisa ustawi wa jamii, ndugu wa kumpokea. Mwili hauwezi kuaminishwa kuwa hatari imepita ilhali haijapita.

Viongozi wa afya wa mkoa wangefanya vyema kuanza na watu wachache, wawili Tumbi na wawili hospitali ya wilaya ya Kisarawe, wafunzwe hadi mwisho na watengewe siku na chumba, kuliko kugawa vyeti kwa mamia. Zahanati nazo zina la kufanya leo bila fedha: kuuliza kwa faragha, kupokea jibu la “hakuna” bila kushinikiza, na kuacha mazoea ya kumpa diazepamu mwanamke aliyetoka kupatwa na tukio, jambo ambalo mwongozo wa 2013 unalikataza.

Na mgonjwa anayesoma haya ana haki ya kumwuliza mtabibu amejifunza wapi, nani anamsimamia, na kumwomba asimamishe mkono wakati wowote.