Ramli Haina Jina la Jirani

Wapo miongoni mwetu watu wazima, wenye kazi na wajukuu, ambao usiku, vifurushi vya intaneti vinaposhuka bei, hujitenga na simu zao wakasoma elimu za siri. Hapa Isevya, mjini Tabora, nawajua kadhaa: yuko fundi cherehani, yuko mwalimu mstaafu, yuko mama auzaye asali. Mmoja anafuata masomo ya unajimu, wa pili karata za tarot, wa tatu Kabala ya Mayahudi, na wa nne amepakua Shams al-Maarif ya al-Buni, anaisoma kwa fasiri ya Kiingereza kwa kuwa Kiarabu chake kiliishia juzuu. Zipo hata shule za Marekani zinazofundisha uchawi darasa kwa darasa, kwa ada ya dola, na mwisho wa masomo humpa mwanafunzi cheti chenye muhuri.

Watu hawa huchekwa. Wasomi wa vyuo huwacheka kwa kuwa wameacha sayansi. Watu wa dini huwakemea kwa kuwa wamekaribia moto. Na sisi watu wa kalamu, ambao ndio ninaowakusudia leo, huwaandikia vijembe katika mashairi. Mimi sitaki kuwacheka. Sikupita chuo chochote. Kiarabu nilicho nacho na Kiingereza nilicho nacho nimevipata kwa kamusi, kwa taa na kwa subira, na najua mtu wa makamo anayeanza alifu kwa ujiti amejitwisha nini. Sitetei kila wanachokisoma, maana mengi ni takataka. Natetea kiu yao, na nauliza ni nani aliyewafungia kisima cha nyumbani hata wakaenda kununua maji California.

Kwanza, tuache kudhani kuwa jambo hili ni geni. Mwingereza Evelyn Waugh, katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1931, aliielezea Pemba kuwa ni kama chuo kikuu cha mambo haya, na kwamba wanafunzi hutoka hata nchi za Maziwa Makuu kwenda kuhitimu huko. Waugh alikuwa mpita njia mwenye kupenda mzaha, na mengi aliyoyaandika ni ya kusikia. Walakini, uvumi ule ulikuwa na barabara ya kupitia, na barabara yenyewe ilipita hapa kwetu. Burton na Speke walipoingia Kaze mwezi Novemba 1857 waliwakuta tayari wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani wamejenga tembe zao. Pamoja na shanga na vitambaa vilikuja vyuo, nao waalimu wa kutazamia siku njema ya kuanza safari. Na Wanyamwezi waliobeba pembe hadi Bagamoyo walirudi na zaidi ya chumvi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyefundisha Kiswahili Berlin, aliyaandika mambo ya uganga, pepo na ramli bila haya wala woga katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa mwaka 1903. Hakuandika ili aroge mtu. Aliandika kwa kuwa hayo ndiyo yaliyokuwa yakijulikana, na kwake yeye kinachojulikana huandikwa.

Nyinyi wa visiwani mnatuogopa sisi wa bara kwa uchawi, nasi twaiogopa Pemba. Haya ni maskhara ya majirani. Balaa ni kwamba tumeridhika nayo, tukayafanya badala ya ujuzi.

Lililotuharibia ni neno. Mnyamwezi ana mfumu, naye ni mwaguzi na mtabibu. Na ana mlogi, naye ni adui wa watu. Hawa wawili hawachanganywi, kama vile asivyochanganywa askari na mwizi kwa kuwa wote hutembea usiku. Kiswahili nacho kina mganga, mchawi, mnajimu, mpiga ramli, mtabibu, mzuguaji, kila mmoja na kazi yake. Kisha ikaja Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, iliyotungwa kwa Kiingereza, ikawaingiza wote katika gunia moja. Katika fasili yake, uchawi si kuroga tu. Ni pamoja na kudai kuwa na nguvu za siri, na hata kudai kuwa na ujuzi wa siri. Itazame vizuri: mwenye kusema kuwa anajua yumo pamoja na mwenye kuua. Sheria hiyo haijafutwa hata leo. Na sisi wafasiri tumeifuata kama kondoo. Kila tunapolikuta neno la Kizungu la mambo haya, liwe la falaki, la dawa au la mazingaombwe, kalamu huandika ‘uchawi’ na kupita.

Sasa natazama jambo moja kwa urefu, nalo ni ramli.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, maana yake mchanga. Siku hizi huku bara hubebeshwa kila aina ya uaguzi, hata ule wa bafumu wanaompasua kuku na kusoma ndani yake. Ramli hasa ni hesabu. Mpigaji huchora nukta mistari 16, kwa mkono wa haraka, bila kuhesabu. Kisha huurudia kila mstari: nukta zikiwa witiri huandika nukta moja, zikiwa shufwa huandika mbili. Mistari minne minne hufanya umbo, na hivyo hupatikana maumbo manne yaitwayo mama. Mama wakisomwa kwa upande, safu ya kwanza ya wote, kisha ya pili, ya tatu na ya nne, huzaliwa mabinti wanne. Hao wanane huunganishwa wawili wawili: witiri na witiri huwa shufwa, shufwa na shufwa huwa shufwa, witiri na shufwa huwa witiri. Hutoka wajukuu wanne. Kwa wajukuu hutoka mashahidi wawili. Na kwa mashahidi hutoka kadhi mmoja, ambaye ndiye mwenye hukumu.

Elimu hii wenyewe huinasibisha na Nabii Idris. Katika karne ya 12 ilifasiriwa kwa Kilatini ikaenea Ulaya, na kwa upande mwingine ilivuka bahari ikawa sikidy ya Madagaska. Mwenzetu wa Isevya anayelipa dola aisome kwa Kiingereza ananunua kitu kilichopita mlangoni kwa babu yake kimefungwa katika kanga ya mwalimu wa msafara.

Lakini si historia peke yake ninayoitaka. Mtu mzima akikaa wiki mbili na kalamu ya risasi, atagundua mambo ambayo hakuna mganga wa mjini atakayemwambia. Atagundua kuwa maumbo yanayowezekana ni 16 tu, na kwamba mama wanne waweza kupangika kwa njia 65,536, haizidi hata moja. Atagundua kuwa kadhi hawezi kuwa umbo lolote lile. Kwa kuwa kila nukta ya mama huhesabiwa mara mbili, kwa mama na tena kwa binti, jumla ya nukta za kadhi lazima iwe shufwa. Maumbo 8 kati ya yale 16 hayakai kitini pake abadani. Akiletewa kadhi mwenye nukta tano au saba, ajue kuwa mpigaji amekosea au anadanganya. Na atagundua lililo kubwa kuliko yote. Liko umbo liitwalo Tariki, nukta nne zilizosimama moja moja kama njia. Liko Jamaa, nukta nane, mkusanyiko wa watu. Yako ya furaha, ya hasara, ya kifungo. Hakuna umbo hata moja liitwalo bibi fulani wa nyumba ya tatu mwenye macho mekundu.

Basi mganga akikutajia jina la jirani, jina hilo halikutoka mchangani. Umelileta wewe mwenyewe, katika maneno uliyoyasema kabla mchanga haujaguswa, au katika ugomvi wa shamba ambao mji mzima unaujua.

Unajimu wa majina nao ni hivyo hivyo, sitaurefusha. Huchukuliwa jina la mtu na la mamake, zikajumlishwa herufi kwa hesabu ya abjadi, zikatolewa 12 mpaka zisitoleke tena. Ali ni 110, Fatma ni 135, jumla 245. Zikitolewa 12 mara 20 hubaki 5, na nyota ya tano ni Asadi, Simba. Kila Ali wa Fatma aliyeko Tabora, Unguja na Maskati ni Simba, na kila mmoja huambiwa kuwa siri hii ni yake peke yake.

Msomaji ataniuliza ubaya uko wapi, wacha wajinga waliwe. Ubaya ni kuwa katika nchi yetu ya magharibi na ya ziwa, Unyamwezi na Usukuma, wameuawa kwa mapanga vikongwe ambao kosa lao lilikuwa macho kuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Wameuawa na kukatwa viungo watu wenye ualbino, hata dunia ikatutazama kuanzia mwaka 2007. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ‘ramli chonganishi’. Jina hilo nalisifu, limetungwa na mtu mwenye sikio. Lakini marufuku hayakumfundisha mtu hata nukta moja. Aliyekuwa akiamini kuwa mchanga hutaja majina aliendelea kuamini, ila sasa alikwenda kwa mlango wa nyuma, na bei ikapanda.

Najua jibu la masheikh wetu, nami ni mwanafunzi wao. Watasema sihri ni katika madhambi makubwa, na kuieneza ni kufungua mlango. Nawajibu kwa adabu kwamba hata Haruta na Maruta, katika kisa tunachokisoma sote, hawakumfundisha mtu mpaka wamuonye. Onyo lilikuja pamoja na somo. Sisi tumebakisha onyo, tukalitupa somo, kisha twashangaa kuwa onyo halisikiki. Na Ibn Khaldun, katika Mukadima yake ya mwaka 1377, hakuogopa kueleza ramli ilivyo, na sihri, na mizungu ya herufi; aliyaeleza kwanza kisha akayapinga. Sijui kwa nini mwanachuoni wa karne ya 14 aaminiwe na jambo ambalo fundi cherehani wa Isevya hawezi kuaminiwa nalo.

Pasipo elimu ya wazi, matapeli ndio walimu. Nguzo za umeme za miji yetu zilibandikwa matangazo ya kujiunga na Freemason, namba ya simu na ahadi ya utajiri. Wangapi wametuma ‘ada ya usajili’ kwa simu, wasimuone tena aliyeipokea! Na hali mtu aliyewaongoza Freemason wa Afrika Mashariki, Sir Andy Chande, aliyefariki mwaka 2017, alikulia Bukene, katika mkoa wetu huu huu, akaandika maisha yake katika kitabu kilichotoka 2005 na kuliweka jina la Bukene juu ya jalada. Kitabu ni cha Kiingereza. Mwenye kutumiwa ujumbe wa kitapeli husoma Kiswahili.

Hapo ndipo nauweka mzigo, mabegani mwetu tunaojiita wafasiri na wahariri. Baswezi na Bayeye ni vyama vya siri vya watu wetu, na Bayeye hao ndio wajuzi wa nyoka ambao kila mtu wa Tabora amewaona wakicheza. Aliyewaandika kwa urefu ni Hans Cory: Bayeye wa Usukuma mwaka 1946, Baswezi mwaka 1955, yote kwa Kiingereza, katika majarida ya wataalamu ya ng'ambo. Mjukuu wa Mswezi akitaka kujua babu yake alikula kiapo gani, hana budi kulipia. Wako watakaosema kuwa siri za chama zibaki kwa wanachama, na mimi nakubali. Dawa ya mtu ni mali yake, hata Sheria ya Tiba za Asili ya 2002 iliwaundia waganga baraza lao. Ila kilichokwisha chapishwa London na Marekani si siri tena. Ni siri kwetu tu.

Mswada wangu kuhusu ramli ulirudishwa na mchapishaji mmoja, simtaji, pamoja na barua ya mistari miwili: hatuchapishi vitabu vya uchawi. Ndani ya mswada huo mna kujumlisha na kutoa, na majina ya Kiarabu na maana zake. Mwaka huo huo, kwa masikio yangu, nilisikia redioni tangazo la mtu anayerudisha wapenzi waliopotea.

Kwa hiyo nawaomba wahariri wa jarida hili kitu kidogo. Maumbo 16, pamoja na majina yake, yanaenea ukurasa mmoja, na pembeni itabaki nafasi ya kueleza jinsi kadhi anavyopatikana. Maelezo kamili ni kurasa 40 zilizopigwa chapa upande mmoja. Zimo sandukuni. Basi la Dar es Salaam huondoka Tabora alfajiri, na kutoka huko iko boti.