Nani Amelipima Goti Hilo?

"Ukishaonwa na mtaalamu siku ya kwanza, yaliyobaki msaidizi atayamaliza." Katika kliniki za fiziotherapia za Marekani hakuna dai potofu kuliko hili. Kwa mgonjwa wa Medicare, bima ya serikali ya nchi hiyo, ripoti ya maendeleo huandikwa angalau mara moja katika kila siku 10 za matibabu, na anayeiandika ni mtaalamu mwenyewe. Wala haitoshi akae ofisini atie saini. Katika kipindi hicho lazima naye amhudumie mgonjwa kwa mikono yake.

Chukua bibi aliyebadilishiwa goti. Msaidizi mwenye leseni anampima kwa goniometa: linakunjika nyuzi 85. Wiki inayofuata ni 85 zilezile. Kupima na kuandika anaruhusiwa, na wengi wao ni mafundi hasa. Lakini kuamua kwamba mpango umekwama, malengo yabadilishwe au bibi arudi kwa daktari aliyempasua, hayo si mamlaka yake. Naona sheria imeweka mpaka mahali pake: goti lililogoma huenda lina kovu, maambukizi au maumivu yasiyotulizwa, na kila kimoja kina tiba yake.

Dai jingine: "Kila siku 30 lazima tathmini upya." Siku 30 ni mabaki ya kanuni ya zamani ya Medicare iliyobadilishwa 2013, nayo ilihusu ripoti, si tathmini. Tathmini upya hulipwa pakiwa na sababu: dalili mpya, hali kubadilika sana, au mgonjwa kutoitikia tiba. Kuifanya kwa kalenda tu ni kujitafutia bili ya kukataliwa. Hata hivyo majimbo nayo yana sheria zao, na iliyo kali zaidi ndiyo inayofuatwa.

"Tangu 2025 usimamizi umefutwa." Haukufutwa. Hadi mwisho wa 2024, katika kliniki binafsi mtaalamu alitakiwa amsimamie moja kwa moja msaidizi anapohudumia. Kuanzia Januari 1, 2025, anaweza kuwa kwingine mradi anapatikana kwa simu. Simu isiyopokelewa si usimamizi.

"Medicare hulipa asilimia 85 tu ya malipo ya kawaida kwa kazi ya msaidizi, basi hiyo ni tiba duni." Hiyo ni hesabu ya malipo iliyoanza 2022; haipimi ubora wa mtu. Cha ajabu, wanaolalamikia msaidizi hawashtuki wanapoachiwa mhudumu asiye na leseni awahesabie mazoezi, ilhali kazi yake Medicare haiilipi hata senti.

Kama una mzazi anayetibiwa huko kwa Medicare, omba ripoti yake ya mwisho ya maendeleo, utazame tarehe na saini. Siku 10 za matibabu zikiwa zimepita bila saini ya mtaalamu, uliza kabla ya kikao kijacho.