Dirisha dogo lisifunike jina la familia

Ninyi familia mliokimbia vita mnaotusoma kwa simu, leo naomba tuongee juu ya jambo linaloonekana ni la mafundi wa kompyuta peke yao. Si lao peke yao. Kila mmoja wenu anajua uzito wa maneno haya: "Hamko kwenye liste."

Kuna programu za kompyuta zisizo na picha wala rangi nyingi. Ni kioo cheusi, herufi tupu na kibodi, basi. Watu wanazidharau, eti ni mambo ya kizamani. Mimi naona zinatufaa hapa Kivu, sababu zinakubali mashine ya zamani, na hata mtandao ukiwa dhaifu unaweza kuzitumia kutoka mbali. Kijana wa Goma au Bukavu anayetaka kutengeneza programu ya kuorodhesha wakimbizi wa ndani asione haya kuanzia hapo.

Shida iko kwenye dirisha dogo linaloelea, lile linalojitokeza juu ya liste na kuuliza: "Futa familia hii? Ndiyo au Hapana." Mafundi wengi hupenda kuliweka katikati ya kioo, kwani hesabu yake ni rahisi. Sasa angalieni. Kioo cha herufi, kwa kipimo kinachojulikana tangu mashine ya VT100 ya mwaka 1978, kina herufi 80 kwa upana na mistari 24 kwa urefu. Dirisha la mistari 8 likikaa katikati, linafunika kuanzia mstari wa 9 mpaka wa 16. Kama jina lililochaguliwa liko mstari wa 12, karani anajibu "Ndiyo" bila kuliona. Mama amesimama mbele yake na watoto, na kati yao wawili hakuna anayejua ni familia gani imefutwa. Atajua siku ya mgao.

Dawa iko. Neovim, programu ya kuandikia inayopendwa na mafundi, tangu toleo 0.4 la mwaka 2019 inaruhusu dirisha linaloelea lishikamane na mahali alama ya kuandikia ilipo, na fundi anachagua ni kona gani ya dirisha ishike hapo. Hesabu yenyewe haisumbui: jina likiwa nusu ya juu ya kioo, dirisha lifunguke chini yake, likiwa nusu ya chini, lifunguke juu yake. Jina linabaki wazi. Programu ya tmux nayo ina dirisha la namna hiyo tangu toleo 3.2 la mwaka 2021, lakini usipoipa kipimo inachukua nusu ya upana na nusu ya urefu wa kioo. Hiyo ni nafasi kubwa mno kwa swali la ndiyo na hapana.

Tena vijana wengi hawana kompyuta, wanajifunzia kwenye simu kwa Termux. Hapo mstari unaweza kubeba herufi 40 tu, na kibodi ikipanda, mistari mingi inapotea. Dirisha lililopangwa kwa herufi 60 litakatika. Na majina yetu ni marefu: karte ya mpiga kura ina majina matatu, na ndugu wawili wanaweza kutofautiana kwa lile la mwisho tu, ndilo linalokatwa. Afadhali jina literemke mstari wa pili, na vipimo vihesabiwe upya kila mara kioo kinapobadilika.

Ninyi mnaoorodheshwa, mwombeni karani asome majina yote matatu kwa sauti kabla hajabonyeza. Na wewe fundi, weka "Hapana" liwe jibu la kwanza kwenye dirisha. Jioni, foleni bado ndefu, karani amechoka, kidole kinagonga chenyewe.