Nguzo ya Mgeni na Nguzo ya Mwenyeji

Mtu akifika Malindi na kamera yake, aghalabu la kwanza kuuliza ni njia ya kwendea kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Huikuta imesimama juu ya mwamba, nyeupe, bahari yapiga chini yake. Huipiga picha, akarudi zake. Katika kwenda na kurudi huupita mtaa wa Shela, na hapo, kando ya msikiti wa Ijumaa, pana kaburi lenye nguzo ndefu ambalo wataalamu hulikadiria kuwa la karne ya 15. Hilo halimshughulishi. Vasco da Gama alikaa Malindi siku kama kumi hivi, mwezi wa Aprili 1498. Mwenye kaburi lile alizikwa hapa na hapa ndipo alipobaki. Lakini inayotiwa kwenye kadi za posta ni nguzo ya mgeni.

Hatusemi haya kwa choyo. Sisi ndio tuliofunzwa kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali letu ni jingine: katika vitabu na nyimbo zilizolitangaza jina la Malindi duniani, Malindi imepewa kazi gani?

Tuanze mbali. Mwaka 1572 Luís de Camões, malenga mkubwa wa Wareno, alichapisha utenzi wake Os Lusíadas. Humo Malindi ni baraza ya kifalme. Mfalme wa Malindi anampokea da Gama kwa heshima, kisha anamwomba amweleze habari za kwao. Da Gama akaanza. Akasema sehemu ya tatu ya utenzi, akasema ya nne, akasema na ya tano. Mfalme wetu amekaa, anasikiliza, na jina lake halitajwi. Hata Milton wa Uingereza, katika utenzi wake wa 1667 juu ya Adamu na kutolewa kwake Peponi, aliitaja Malindi pamoja na Mombasa na Kilwa, miongoni mwa falme anazoonyeshwa Adamu kutoka kilimani. Ni neno moja tu, likapita.

Hiyo ndiyo kazi tuliyopewa na malenga wa watu: kukaribisha na kusikiliza. Nasi tumeizoea. Mwaka 1982 Them Mushrooms, vijana wa pwani hii hii walioanza muziki wao 1972 na kupiga katika mahoteli, walitoa "Jambo Bwana". Wimbo ule ukaenea dunia nzima, na mwaka uliofuata Boney M wa Ujerumani nao wakaupiga kwa mtindo wao. Ni wimbo mzuri, na waliouimba walikula jasho lao. Lakini tuusikilize vyema: anayeimbiwa ni nani? Ni mgeni tena. Mwenyeji yuko mlangoni, anatabasamu, anauliza hali. Toka utenzi wa Camões hadi ukumbi wa hoteli ni karne nne, na zamu ya mfalme wa Malindi kusema bado haijafika.

Je, ni kwamba hana la kusema? La, hasha. Malindi ndiko alikozaliwa Juma Bhalo mwaka 1942, Mola amrehemu, aliyefariki 2014. Sauti yake iliingia nyumba kwa nyumba katika pwani hii, akitia Kiswahili safi ndani ya mahadhi ya filamu za Kihindi, na maneno mengi akitungiwa na jamaa yake Ustadh Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita ya 1971. Katika nyimbo zile hakuna mtalii anayekaribishwa. Mswahili anamwambia Mswahili mwenziwe yaliyomo moyoni. Nje ya mji, Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama mwaka 1913 kwa ngoma ya kifudu wakatae amri za Mwingereza, na watu wakapata habari kwa ngoma pasipo gazeti wala redio. Na katika harusi zetu kuna vugo la kina mama, wanaopita vichochoroni wakigonga pembe, kila nyumba ikipata fungu lake la sifa au la kijembe.

Mwandishi wa makala haya, alipokuwa mtoto wa chuoni akihangaika na Juzuu Amma, alikuwa na shangazi aliyezijua nyimbo za vugo za mtaa wake zote. Nani kaoa wapi, jahazi gani lilizama, nani alijenga nyumba kwa mali ya nani, yote yalikuwamo humo. Kila mara nilimwambia, "Shangazi, ntakuja na daftari." Naye alinijibu, "Haya baba, mie nipo." Siku hiyo haikuja. Baada ya khitma yake tulikaa watu wa nyumbani tukajaribu kukumbuka. Zikapatikana beti nne, na ya nne tukabishania maneno yake.

Wenzetu wa Mvita walikuwa na bahati. Muyaka bin Haji alifariki 1840. Mashairi yake yalisalia midomoni mwa watu hadi Mwalimu Sikujua alipojitahidi kuyakusanya na kuyaandika, na diwani ikachapishwa 1940, miaka mia kamili baada ya mtungaji kufa. Lau si mtu mmoja aliyeshika kalamu, leo tungekuwa na jina la Muyaka bila ya shairi lake.

Pale ufukoni Malindi lipo Jumba la Nguzo, ambalo leo ndilo makumbusho ya mji. Twaomba humo pawe na chumba cha sauti: kanda za zamani, maulidi ya misikiti yetu, nyimbo za mabaharia, kifudu, majina ya vichochoro na sababu zake. Walimu wa skuli na wa madrasa nao wawape watoto kazi hiyo. Kila kijana ana simu inayonasa sauti. Harusi zinapigwa video usiku kucha, na bibi aliyekaa pembeni na nyimbo zake haulizwi. Yaliyo ya wanawake peke yao, mabinti na wayaandike wao, kwa idhini ya wenyewe, na yasiyofaa kutoka nje yabaki ndani. Hata hayo ni bora yawe yameandikwa.

Msomaji asingoje serikali wala chama. Aanze Ijumaa hii baada ya swala, kwa mzee aliye karibu naye. Daftari la shilingi chache latosha. Wageni wataendelea kuja, na karibu wote. Lakini wakituuliza habari za kwetu, tuwe na la kuwajibu.